Jicho la mlango: kamera ya baba mdogo na historia ya kuchunga nyumba Kibua

Leo ninaleta historia kidogo, lakini ilianza na komisio tu.

Kabla ya barabara kuharibika na hii vita, baba mdogo alinipigia simu kutoka Kibua. Iko na depo ndogo pale: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, viatu vya mipira. Akaniambia: “Mutoto wangu, weye umesoma. Uniletee ile kamera ya kuchunga depo. Sentineli wangu analala kuliko miye.” Nikajibu ndiyo haraka haraka, kama sisi wote tuliosoma tunavyofanya. Halafu nikafika kwenye butike, Goma, nikakuta aina kumi na mbili juu ya meza, na sikujua hata moja.

Nilisoma historia, si umeme. Kwa hiyo nikafanya nilichofundishwa: nikauliza hii kitu ilitoka wapi, na nani aliitaka kwanza.

Kamera ya kuchunga haikuzaliwa kwa ajili ya nyumba. Mwaka 1942, kule Peenemünde, Ujerumani, injinia Walter Bruch alifunga kamera ili watu waangalie roketi za V-2 zikiruka wakiwa mbali, bila kuungua. Lilikuwa jicho la jeshi. Ilipita zaidi ya miaka ishirini ndipo mtu akaliingiza nyumbani, na mtu huyo hakuwa mkubwa wa jeshi wala wa kampuni. Alikuwa Marie Van Brittan Brown, mama mweusi, muuguzi, mkaaji wa Queens, New York. Kazi yake ilikuwa na saa za ajabu, mume wake pia vilevile, na mara nyingi alibaki peke yake usiku. Polisi wakiitwa, walichelewa kufika.

Mwaka 1966 yeye na mume wake Albert, fundi wa elektroniki, waliomba hakimiliki, na wakaipata tarehe 2 Desemba 1969. Mlango ulikuwa na matundu manne, kamera inapanda na kushuka kutoka tundu moja hadi lingine, sura ya mgeni inaonekana kwenye televisheni chumbani. Kulikuwa na maikro ya kumuuliza mgeni ni nani. Kulikuwa na kifungo cha kufungua mlango kutoka mbali. Na, kumbukeni hili, kulikuwa na kifungo cha kuita msaada.

Tukitazama vizuri, Marie hakununua macho tu. Shida yake haikuwa kutoona mwizi. Shida yake ilikuwa kuona mwizi na kukosa mtu wa kumwita.

Sasa turudi nyumbani.

Wanaojua barabara ya Masisi kwenda Walikale wanajua: unapita Nyabiondo, unapita Kashebere, unafika Kibua, halafu unashuka mu pori kuelekea Mpofi. Vijiji vingi vimepangwa kando ya barabara kama shanga kwenye uzi. Haikuwa hivyo tangu zamani. Wakati wa Wabelgiji, sehemu nyingi za Kongo, watu walilazimishwa kuacha vijiji vyao vya ndani na kujenga barabarani, ili wahesabiwe, walipe kodi, wapatikane kwa kazi. Yaani serikali iliwaweka mahali pa kuonekana. Lakini kuonekana na kuchungwa ni vitu viwili. Yule aliyekuona vizuri siku ya kodi, usiku wa hatari hakuwepo.

Sisi wa upande huo tunajua hayo kwa uchungu. Tarehe 30 Julai 2010, jioni, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine kwenye mhimili wa Kibua–Mpofi. Walikaa hadi tarehe 2 Agosti. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilifanya uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 2011 ilihesabu watu 387 waliobakwa katika vijiji 13, wanawake, wanaume na watoto. Nyumba 923 ziliporwa, na maduka 42. Watu zaidi ya mia moja walichukuliwa kwa nguvu.

Na kituo cha askari wa MONUSCO kilikuwa wapi? Kilikuwa Kibua, kwenye barabara ileile.

Ninapowaeleza wenzangu wa chuo hili, wanauliza: hawakuona? Mimi ninauliza lingine: wangeitwa na nini? Vijiji vile havikuwa na rezo ya simu. Askari wengi hawakujua lugha ya watu. Mama aliyekimbilia porini usiku ule alikuwa ameona kila kitu. Alikosa kifungo cha Marie.

Baada ya pale mambo yalibadilika kidogo. MONUSCO iliongeza watu wa kuunganisha kituo na raia, ikatafuta njia za vijiji kutoa alerte kwa simu na redio. Desemba 2013 ikarusha droni za kwanza za Umoja wa Mataifa kutoka Goma, jicho la angani juu ya Kivu. Vita haikuisha. Na Novemba 2020, mahakama ya kijeshi ya Goma ilipomhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha, kesi ilisimama juu ya maneno ya watu walioteseka na wakakubali kusema. Hakuna droni iliyosema kwa niaba yao.

Ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mbele ya ile meza ya kamera. Ikanisaidia kuchagua.

Kwanza, niliacha zile zinazotegemea intaneti saa yote. Rezo ya kule inakuja na kwenda. Nikachukua inayoandika kwenye kadi ya memori ndani yake, na yenye king'ora. Pili, kuran. Kamera ya wati 5, saa 24, inakula wati-saa 120 kila siku. Betri ya volti 12 na ampe-saa 20 ina 240, lakini ukiimaliza yote kila usiku itakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu. Pano ya wati 50 inatosha siku ya jua. Kwetu, penye ukungu wa pori, ongeza. Tatu, neno la siri. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliingia katika kamera nyingi sana duniani kwa sababu wenyewe waliacha neno la siri la kiwandani. Badilisha siku ileile, hata kama ni depo ya chumvi.

Ugomvi wetu ulikuja siku ya kuifunga. Baba mdogo alisema: “Iangaliye barabara. Minataka nione kila mutu mwenye anapita.”

Nikamwambia hapana, baba. Barabara hii inapitwa na kila aina ya watu: jirani, askari, wale wa pori, binti anayekwenda shamba. Siku moja mtu mwenye bunduki atajua kwamba hapa kuna kadi yenye sura za wote waliopita, na saa waliyopita. Atakuja kuiomba, na hataomba kwa upole. Utakuwa umeandika orodha ya majirani zako bila kujua unaiandikia nani.

Alinyamaza muda mrefu. Yeye alikuwa mtu mzima mwaka 2010, mimi nilikuwa kwenye darasa la nne. Halafu akasema: “Basi geuza.”

Tukaifunga chini ya paa, kama mita mbili na nusu, ikiangalia mlango wa depo na ua wake tu. Tuliepuka jua la asubuhi lisiipofushe. Nikamwambia afute kioo chake kila Jumapili, kwa sababu buibui wanapenda mwanga wake wa usiku na utando wao unafanya picha yote iwe nyeupe. Halafu tukaenda nyumba kwa nyumba, nyumba sita za karibu, kukubaliana: king'ora kikilia, kila mtu apige sufuria na filimbi, asitoke peke yake. Kama wanavyofanya watu wa Goma bandi wakiingia kwenye avenyu. Sentineli hatukumfukuza. Tulimpa filimbi.

Wiki ya pili, saa nane ya usiku, king'ora kililia. Sufuria zikalia nyumba zote sita. Wanaume wanne na mama mmoja mwenye mchi wakakutana kwenye ua kwa tochi. Alikuwa mbuzi, amekata kamba, anakula majani ya kihindi ya kufungia mzigo.

Baba mdogo aliniambia alikuwa na haya sana. Akawapikia chai wote pale pale, usiku, na sukari ya depo. Nikamuuliza kama anataka nije kupunguza ukali wa king'ora.

Akasema: “Uache vile. Sasa najua wanakuya.”