Januari ya Darasa la Kwanza

Kabla ya kuwako shule ya serikali Tanga, Pangani au Bagamoyo, mtoto wa mwambao alianza masomo kwa kupewa ubao. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia herufi kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, naye akakaa mkekani akazisoma kwa sauti. Akikosea alirudishwa, akizijua, ubao ulioshwa ukaandikwa somo jingine. Kwanza alifundishwa herufi tupu, kisha zikatiwa fataha, kasra na dhumma, na hapo ndipo be ilipotoka kinywani mwake ikawa ba, bi, bu. Juzuu Amma ilifuata baadaye. Maana ya alichokisoma ilikuja baadaye zaidi, na wengi haikuwafikia, kwa kuwa waliacha masomo wakaenda shambani au baharini.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefika hadi Berlin kufundisha Kiswahili, aliyaeleza maisha hayo ya chuoni kwa mkono wake mwenyewe, na maelezo yake yakachapwa Ujerumani mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuahili. Nawasihi walimu wenzangu wakisome. Humo chuo hakisimuliwi kama kitu kilichokuwa kikiingoja shule ije. Kinasimuliwa kama kazi kamili, yenye mwanzo wake, malipo yake na adabu zake.

Nayasema haya kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu nimefundisha darasa la kwanza katika vijiji vya Muheza. Kila Januari nilipoandika ba be bi bo bu ubaoni, watoto waliopita chuoni walinipokea kwa namna yao. Herufi zangu zilikuwa ngeni kwao, lakini kazi yenyewe walikuwa wanaijua. Walijua kwamba herufi haitamkiki mpaka ipate irabu. Walijua kufuata kwa kidole, kusoma pamoja na wenzao bila kuwapita wala kuachwa, na kukaa. Kukaa tu ni somo, na aliyewahi kupokea watoto wapya mwezi wa kwanza anajua uzito wake.

Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alikusanya hadithi za wenyeji, akaandika kitabu cha sarufi, akawafundisha vijana waliokombolewa utumwani kupanga herufi za chapa. Kutoka Unguja misheni hiyo ilivuka kwenda bara hadi Magila, kwetu Bonde, na watoto wa Kibondei wakaanza kusomeshwa kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, ili waifikie Injili. Sisemi kwamba Wazungu waliichukua silabi chuoni. Walikuja nayo kutoka kwao. Ila ilitua mahali ambapo sikio lilikuwa limekwisha kuizoea, tena katika lugha ambayo karibu kila silabi yake inaishia na irabu. Ndiyo sababu mtoto wa Kiswahili akishazishika silabi anasoma chochote kilicho mbele yake, hata tangazo la dukani, wakati mwenzake anayejifunza Kiingereza bado anahangaika na maneno yasiyosomwa kama yalivyoandikwa.

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Haja yao ilikuwa makarani, wakalimani na walimu, watu wa kuandika barua na hesabu za kodi kwa herufi za Kirumi, maana hadi hapo barua za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wazazi wengi wa mjini waliishuku, wakihofia watoto kugeuzwa dini. Shule ilisimama hata hivyo, na ndiyo iliyokuja kupiga chapa gazeti la Kiongozi. Kwa karani, mwandiko mzuri ulikuwa mkate wake, kwa hiyo mkono wa mtoto ulinolewa mapema sana. Waingereza wakafuata, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki iliyosanifu tahajia, hata mtoto wa Kigoma na wa Tanga wakaandika neno moja kwa namna moja. Lakini wengi wa watoto walioingia darasa la kwanza waliishia la nne, na wengi zaidi hawakuingia kabisa.

Kwangu mimi, historia ya darasa la kwanza inaanza kwa kweli Musoma, Novemba 1974. Huko chama tawala cha TANU kiliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo Novemba 1977, jambo ambalo mipango ya awali ilikuwa imelipeleka hadi 1989. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa kama 1,200,000 mwaka wa azimio, walizidi 3,000,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa kuwatosha hawakuwako. Basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukafundishwa kazi huku tukiifanya: nusu siku unafundisha, nusu siku unasoma chini ya mwalimu mzoefu, na masomo mengine yanakujia kwa posta na redio. Ndio walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, jina ambalo baadaye watu walilitamka kwa dharau. Dharau hiyo siikubali. Nchi iliyotaka kila mtoto ajue kusoma haikuwa na njia nyingine, na sisi ndio tuliosimama mbele ya watoto hao.

Kosa lilikuwa kwingine. Sisi wachanga kuliko wote tulipewa darasa la kwanza, kwa kudhani ndilo jepesi, na walimu waliobobea wakawekwa la saba kwa ajili ya mtihani. Mtu anayeweza kumwelewesha mtoto kwamba alama hii ni sauti ya mdomo wake ni fundi adimu, na hadi leo shule nyingi humpeleka fundi huyo darasa la mwisho.

Kuandikisha kulifanywa kwa sikio. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya wachache, hivyo mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Akigusa, ana miaka saba. Wenye mikono mifupi walirudi nyumbani wakilia, na mama zao wakabaki wakinibembeleza: "Mwalimu, huyu amezaliwa mwaka ule wa mafuriko, mchukue tu."

Majuma ya kwanza hatukugusa kitabu. Tulichora hewani kwa mkono mzima, kisha mchangani kwa kidole: vijiti vilivyosimama, vijiti vilivyolala, duara. Herufi a ni duara iliyoegemea kijiti. Aliyeiweza duara ameiweza a. Kutoka mchangani tulihamia kwenye kibao na chaki, na daftari lilikuja mwisho, kwa sababu mtoto asiyeujua mkono wake hukandamiza penseli mpaka ncha inavunjika na karatasi inatoboka. Hesabu tulifanya kwa visoda na vijiti. Muheza ni nchi ya mkonge, kwa hiyo katani haikutupa shida: kila vijiti kumi tulivifunga kwa uzi wa katani, na mtoto akaishika kumi mkononi kabla ya kuiandika.

Mwaka mmoja nilimpokea mvulana aliyetoka chuoni, msomaji hodari wa Juzuu yake. Nilipoandika baba, alinakili bila kosa la herufi, ila alianzia kulia akarudi kushoto. Wenzake walimcheka. Nikatia kitone cha chaki kwenye ukingo wa kushoto wa kibao chake, nikamwambia, "Mwanangu, za chuoni zinaanzia huko, hizi zinaanzia hapa kwenye kitone." Aliuliza swali moja, "Na namba je, mwalimu?" Nikamwonyesha. Baada ya siku chache hakukihitaji kitone, na kabla ya likizo ya kwanza alikuwa ananisaidia kuwasomesha waliomcheka.

Mitaala ilibadilika mara nyingi baada ya hapo. Kuna wakati darasa la kwanza lilirundikiwa masomo mengi, na watoto wakawa wanafika darasa la tatu hawawezi kusoma sentensi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulirudisha kazi mahali pake: asilimia 80 ya muda ikapewa kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK, na walimu wakaelekezwa waanze na sauti ya herufi kabla ya jina lake. Nilishangilia. Elimu bila malipo iliyoanza 2016 ilileta watoto wengi kwa mara moja, na Januari ile niliona tena madarasa yaliyofurika kama ya UPE.

Siku hizi mwalimu wa darasa la kwanza anapompokea mtoto huuliza kama amepita darasa la awali. Ni swali jema. Jingine lisiloulizwa ni kama amepita madrasa, ingawa kwenye vijiji vya pwani wengi wa walio mbele yako wanatoka huko, na jioni ile ile watarudi huko. Mimi nililiuliza kwa mdomo mpaka nilipostaafu, nikaandika jibu pembeni ya rejista kwa penseli. Walioitikia ndiyo niliwaangalia kwanza upande wanaoanzia kuandika, kisha nikamkalisha kila mmoja wao karibu na mtoto ambaye hajawahi kusoma mbele ya mtu. Ningependa swali hilo liingie kwenye fomu ya kuandikisha, kwenye mstari uleule unaouliza habari za awali.