Kizibo cha zebaki: dili la ndugu wawili lililogawa madaktari wa meno

Mwaka 1833 ndugu wawili kutoka Ulaya walitua New York, wakajitangaza madaktari wa meno. Dili lao lilikuwa tamu: kuziba jino fasta kwa bei chee, bila ile kazi ndefu ya kugongelewa dhahabu. Mchanganyiko wao wa fedha na zebaki waliubandika jina la kifalme, na neno zebaki humo halimo! Ujanja huo. Malalamiko yalipozidi, jamaa wakasepa.

Madaktari wa dhahabu waliwaka. Chama chao cha mwaka 1840 kikawalazimisha wanachama kukataa zebaki kwa maandishi, ugomvi ukakitafuna, kikafa 1856. Kizibo kikabaki. Bei, bwana.

Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku tangu Januari 2025, isipokuwa kwa sababu maalum za kitabibu. Sasa mtu akisikia hivyo anataka chake kitoke leo leo. Ngoja kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri kizibo kizima kiachwe, maana kukitoboa ndiko kunafumua mvuke wa zebaki. Kikiwa kimepasuka, dokta makini hulitenga jino kwa mpira, anamwagia maji muda wote, mashine inanyonya, na anakikata vipande vikubwa badala ya kukisaga unga. Wajawazito huambiwa wasubiri wajifungue.