Kifurushi: cha intaneti na cha programu

Kifurushi *nm* [ki-/vi-] 1. furushi dogo, vitu vilivyofungwa pamoja, hasa katika kitambaa. 2. kiasi cha intaneti, dakika au ujumbe kinachouzwa na kampuni ya simu kwa muda maalumu. 3. (kompyuta) faili lenye programu pamoja na maelezo ya toleo lake na ya programu nyingine zinazohitajika ili ifanye kazi.

Maana zinapokutana

Maana ya pili ndiyo iliyoenea zaidi katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania. Katika vibanda vya huduma za simu vya Majengo, Dodoma, anayesema "kifurushi kimeisha" hahitaji kufafanua. Wengi husema pia "bando limeisha", ingawa *bando* ni neno la mtaani lisilofaa katika maandishi rasmi. Utata hutokea mwanafunzi anayetumia Linux kwa intaneti ya simu anaposoma: "Kifurushi hiki kitamaliza kifurushi chako." Hapa halihitajiki neno jipya, linahitajika neno lililopo likamilishwe: "Kifurushi hiki cha programu kitamaliza kifurushi chako cha intaneti."

Kisimamizi cha vifurushi

Programu inayotafuta, kusakinisha, kusasisha na kuondoa vifurushi huitwa *kisimamizi cha vifurushi*. *Meneja wa vifurushi* hueleweka pia, lakini huleta upatanisho wa kiumbe hai ("meneja amesakinisha"), na msomaji huweza kudhani anatajwa mtu. Kiambishi *ki-* hutaja chombo, kama katika *kivinjari* na *kichapishi*. Mahali vifurushi vinapohifadhiwa mtandaoni panafaa kuitwa *ghala*: huwekwa humo na kuchukuliwa humo, kama nafaka.

Tegemeo, si kitegemezi

Baadhi ya tafsiri huita *kitegemezi* kile kifurushi ambacho programu nyingine inakihitaji. Hilo hugeuza maana. Katika sarufi, *kishazi tegemezi* ni kile kinachotegemea kingine. *Mtegemezi* katika familia ni anayetunzwa, si anayetunza. Kinachotegemewa ni *tegemeo* (wingi *mategemeo*). Amri ya `apt autoremove` huondoa mategemeo yasiyohitajika tena. Ikifasiriwa "ondoa vitegemezi", mtumiaji ataogopa kwamba programu anazozitumia ndizo zitakazofutwa.

Kuchagua kisimamizi

Kwa kawaida kisimamizi huja na aina ya Linux iliyochaguliwa. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, hutumia APT. Fedora imetumia DNF tangu mwaka 2015, na Arch hutumia pacman. Chini ya APT kuna dpkg, ambayo husakinisha faili lililokwisha kupakuliwa bila kuyaleta mategemeo yake. APT huyatafuta ghalani na kuyaleta. Flatpak na Snap hufanya kazi katika aina nyingi za Linux, lakini mara nyingi huja na maktaba zake zenyewe, hivyo upakuaji wa kwanza huwa mkubwa. Kwa anayehesabu megabaiti, APT ina faida: hutaja ukubwa wa vifurushi vya kupakuliwa na, inapolazimu kuongeza mategemeo, huomba idhini kwanza.

Kwa wafasiri na walimu

Amri mbili za APT huchanganywa mara kwa mara. `apt update` *husasisha orodha* ya vifurushi vilivyomo ghalani. Haibadilishi programu yoyote iliyosakinishwa. `apt upgrade` *hupandisha matoleo* ya programu zenyewe. Zote mbili zikiitwa "sasisha", mwanafunzi atatekeleza ya kwanza, ataamini kwamba kompyuta yake imepata marekebisho ya usalama, na itabaki bila kinga hiyo.

Kufasiri programu huria si jambo geni nchini: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mfasiri wa leo anashauriwa aitekeleze amri na kuona inachofanya kabla ya kuipa jina.

*Tazama pia:* ghala, sakinisha, sasisha, tegemeo.