Dhahabu ya Sekenke na Kitabu cha Bei cha Iola

Kila tunapotamka neno "hela" tunaitaja sarafu ya Kijerumani bila kukusudia. Hadi mwaka 1904 rupia ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa katika pesa 64. Mwaka huo watawala wakaubadili mfumo na kuigawa rupia katika heller 100. Rupia imekwisha, heller imekwisha, lakini majina yote mawili, pesa na hela, yamebaki vinywani mwetu. Lugha imetunza kile ambacho kabati zetu hazikukitunza. Sarafu zenyewe ziko wapi, na ni nani leo mwenye mamlaka ya kutamka thamani yake?

Swali hili linaihusu Iramba kwa namna ya pekee. Wengi wanaifahamu Kinampanda kwa chuo chake cha ualimu, na ni wachache wanaokumbuka kwamba katika wilaya hiyohiyo, upande wa magharibi, kuna Sekenke, mahali ambapo Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909. Wasafiri wa barabara ya Singida kwenda Nzega wanaujua mlima wa Sekenke kwa kona zake na malori yanayopanda kwa taabu. Mwanahistoria anaujua kwa sababu nyingine: dhahabu ya Sekenke iligeuzwa sarafu, na sarafu hiyo leo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana na wakusanyaji duniani.

Vita ilipozuka mwaka 1914, manowari za Kiingereza ziliifunga pwani. Sarafu mpya hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani, na fedha iliyokuwamo nchini ilianza kuadimika, kwa kuwa watu waliificha rupia ya fedha na kuitilia shaka noti ya karatasi. Serikali ya gavana Heinrich Schnee ilihamia Tabora. Huko, katika karakana ya reli, mwaka 1916 zilipigwa hela za shaba kwa matumizi ya kila siku, na pamoja nazo sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa dola ya Kijerumani. Upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Zilipigwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imefikia tamati.

Tuitazame hesabu yake, kwa maana ndani yake kuna siasa. Kwa kiwango rasmi cha wakati ule, rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20. Sarafu ya mark 20 iliyopigwa Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi ipatayo gramu 7.17. Sarafu ya Tabora ina uzito huohuo wa gramu 7.17, lakini robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.38. Aliyelipwa kwa sarafu hiyo alipokea dhahabu pungufu kwa robo nzima, na pengo hilo lilizibwa kwa amri ya serikali iliyokuwa ikirudi nyuma vitani. Thamani, kwa hiyo, haikukaa ndani ya madini peke yake. Ilikaa pia katika kauli ya mwenye nguvu ya kutamka.

Baada ya vita kauli hiyo ilihama. Mwaka 1952 Chester Krause, fundi seremala wa kijiji cha Iola katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alianzisha gazeti la wakusanyaji wa sarafu liitwalo Numismatic News. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Clifford Mishler walitoa Standard Catalog of World Coins, kitabu kinene kinachoorodhesha sarafu za dunia nchi kwa nchi, kila moja ikiwa na namba inayoanza kwa herufi KM, za majina ya watunzi hao wawili. Tangu hapo mfanyabiashara wa London na mnadishaji wa Berlin wanaelewana kwa namba iliyotolewa kijijini Iola.

Muundo wa vitabu hivi ni rahisi. Mstari mmoja unataja mwaka, alama ya karakana na idadi iliyopigwa. Kisha zinafuata safu za bei kulingana na hali ya sarafu, kuanzia iliyosagika hadi ile ambayo haikuwahi kupita mikononi mwa watu. Marekani wanatumia pia kipimo cha namba 1 hadi 70, kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949. Bei hukisiwa kutokana na minada na orodha za wauzaji, na anayenunua ili auze tena hulipa chini ya bei ya kitabu. Magazeti hutangaza mabadiliko, na mabadiliko hayo huongoza minada inayofuata. Kitabu kinapima soko na papo hapo kinalitengeneza.

Sina ugomvi na watu wa Iola. Walifanya kazi ya uvumilivu ambayo sisi hatukuifanya. Hata hivyo, ni lazima tuone kile ambacho safu zao hazina nafasi ya kukiandika. Rupia 15 imewekwa chini ya jina la koloni la Kijerumani. Mchimbaji wa Sekenke aliyeitoa dhahabu ardhini hana safu, wala mpagazi aliyebeba mizigo ya vita ileile.

Katika ziara zangu za Kinampanda, mzee mmoja alinionesha kopo lenye senti za tundu za wakati wa Mwingereza na hela mbili za shaba. Alizisugua kwa majivu zikang'aa, akaniambia, "Mwalimu, hizi mnunuzi wa vyuma chakavu huzipima kwa kilo." Kijana wa jirani akadakia kwamba mtandaoni sarafu ya namna hiyo huuzwa mamilioni. Wote wawili walikosa maarifa ya katikati. Hela za kawaida zilipigwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Kusugua huishusha zaidi. Na rupia 15 zinazotembezwa mitaani mara nyingi ni za kughushi, jambo ambalo mizani ya sonara inaweza kuanza kulibaini kwa gramu zile 7.17. Maarifa haya si siri. Yameandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, yakauzwa ng'ambo.

Dola yetu huru nayo inalijua soko hili. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kuhimiza uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Zilikusudiwa wakusanyaji, na mkulima wa Iramba hakuwahi kurudishiwa chenji kwa sarafu ya duma.

Kuandika orodha yetu kwa Kiswahili ni kazi inayowezekana. Wanachuo wa ualimu wanaweza kuanza na makopo ya vijijini mwao: kupiga picha, kupima uzito, kuandika mwaka na alama, na kumuuliza mwenye sarafu ilimfikiaje. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kuutunza uorodheshaji huo bila kumnyang'anya mtu mali yake. Safu ya bei iwepo, ili mnunuzi wa vyuma chakavu asiwe mwamuzi pekee. Kando yake iwepo safu ambayo Iola haikuweza kuijaza, ya mahali sarafu ilipokaa na mikono iliyoipitia. Wazee wanaoweza kutujazia safu hiyo wanapungua kila mwaka, na hakuna mnada wowote utakaotuuzia kumbukumbu zao.