Kwa nini jedwali linaishia 12?

Nipo Babati kwa dada. Jana jioni mpwa wangu wa darasa la nne kaniletea daftari: 36 mara 24. Kaandika 144, chini yake 72, kajumlisha, kapata 216.

Nikamwambia, hizo ni gunia 24 za mbaazi za mama yako, kila moja shilingi elfu 36. Umemuuzia kwa laki mbili na elfu kumi na sita! Akacheka, kisha akanyamaza. Kosa lenyewe dogo: ile 2 ni 20, kwa hiyo si 72 bali 720. Jumla 864. Laki sita na ushee zimepotea kwa sifuri moja.

Nikageuza daftari. Nyuma kuna jedwali la kuzidisha, mpaka 12 mara 12. Nami nilikariri hilo hilo, tena kwa fimbo. Hivi wadau, mmewahi kujiuliza kwa nini 12? Vidole vyetu ni 10. Mjerumani mwaka 1904 aliachana na rupia ya pesa 64 akaleta ya heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipokuja 1921, ilikuwa na senti 100. Mwenye 12 ni Mwingereza: shilingi yake ilikuwa na peni 12 hadi Februari 1971, na futi yake inchi 12. Mtoto wa London alilihitaji jedwali hilo dukani. Sisi, naona, tulirithi tu.

Bibi yake mpwa wangu, ambaye darasani hakukaa, alikuwa anatusikiliza huku anachambua mchele. Yeye huongeza maradufu: gunia moja 36, mbili 72, nne 144, nane 288, kumi na sita 576. Nane na kumi na sita ni 24, basi 288 na 576, 864. Nikabaki mdomo wazi, maana karani Ahmose wa Misri alizidisha hivyo hivyo kwenye mafunjo yake, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mafunjo hayo yako London, British Museum.

Nikampa mpwa hesabu kumi, kila moja kwa njia zote mbili. Ya tatu majibu yakagombana. Nikanyamaza makusudi. "Mjomba, nimesahau sifuri tena," akasema mwenyewe. Ya nne mpaka ya saba zikakubaliana. Ya nane umeme ukakatika.