Zamu ya Wanawake, Zamu ya Wanaume: Panama, 2020

Nimestaafu kutoka ofisi ya usajili wa watu, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kupaka watu wino mweusi vidoleni na kujaza Fomu 136A. Ndani yake mna mahali pa jinsia. Hapo sikukawia: naangalia cheti cha kuzaliwa, najaza, namwita anayefuata. Kwa hiyo yaliyotokea Panama wakati wa korona nimeyafuatilia kwa uchungu wa mtu anayekijua kitambulisho tangu kikiwa karatasi tupu.

Hofu ya Wapanama ilikuwa ya kweli. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 9 Machi 2020, na kabla ya mwezi kwisha Waziri wa Usalama, Juan Pino, alileta amri mpya: kuanzia tarehe 1 Aprili wanawake watoke Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanaume Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Jumapili kila mtu abaki ndani. Hata siku ya zamu yako ulipewa saa mbili tu, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya kitambulisho. Ilionekana njia rahisi, maana askari angemtambua mvunja amri kwa kumtazama tu.

Kumtazama huko ndiko kulikoleta balaa. Siku ile ile ya kwanza, Jumatano, mwanamke mmoja aliyebadili jinsia alikamatwa na polisi. Kitambulisho chake kilisema mwanamume. Alizuiliwa kituoni saa tatu, akatozwa faini ya dola 50. Zikafuata habari za wengine waliozuiwa na walinzi milangoni mwa maduka. Akija siku ya wanawake, mlinzi anasoma kitambulisho na kumrudisha. Akija siku ya wanaume, mlinzi anamwangalia gauni na nywele, anamrudisha vilevile. Na asiyejihesabu mwanamke wala mwanamume hakuwa na siku yake hata moja katika juma zima. Hapo tunazungumzia mchele, dawa na maziwa ya mtoto.

Mtu atauliza kwa nini hawakubadilisha vitambulisho mapema. Sheria ya Panama ilidai kwanza mtu afanyiwe upasuaji. Wangapi wana fedha hizo? Na kwa nini daktari ampasue mtu ili karani abadilishe herufi moja? Mimi niliyekuwa karani nasema hakuna haja.

Peru iliiga mpango huo tarehe 3 Aprili. Rais Martín Vizcarra aliwaagiza askari wasimbague mtu, lakini siku za wanawake masoko yalifurika, kwa kuwa wao ndio walioachiwa kununua chakula cha nyumba nzima. Baada ya siku nane amri ikafutwa. Bogotá nayo ilijaribu kuanzia tarehe 13 Aprili, ila Meya Claudia López alitamka wazi kwamba waliobadili jinsia watatoka kwa jinsia wanayojitambulisha nayo. Wapo waliosumbuliwa hata hivyo. Lakini angalau meya aliwakumbuka kabla ya kutia sahihi.

Wa Panama walikumbukwa baadaye, kwa sababu walisema wenyewe. Asociación Panameña de Personas Trans, ikiongozwa na Venus Tejada, ilikusanya malalamiko, na Human Rights Watch ikamwandikia Rais Laurentino Cortizo. Mwezi Mei wizara ya usalama ikatangaza kwamba askari wameagizwa wasibague. Agizo hilo liliwahusu askari. Mlinzi wa duka, ambaye ndiye hasa aliyekuwa na mlango, aliendelea kuamua kwa macho yake. Mwezi Julai visa vipya vya kubaguliwa viliandikwa tena, baada ya zamu zile kuondolewa siku chache mwanzoni mwa Juni na kurudishwa katika mkoa wa jiji kuu na mkoa jirani.

Wimbi jingine la ugonjwa lilipopanda, mwaka 2020 ukielekea 2021, serikali ilikuwa na miezi tisa ya ushahidi mezani. Ilitangaza tena siku za wanawake na siku za wanaume.