Imigongo ya Rangi: Je, Kuiga Ukutani ni Kudanganya?

Chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kimepata chumba cha kusomea. Kuta zake ni nyeupe tupu, na wanachama wengi wanataka ukuta mmoja upambwe kwa imigongo. Kwa kuwa haturuhusiwi kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye lipu ya jengo, imependekezwa tuige imigongo kwa rangi ya maji. Wenzetu kadhaa wamepinga. Wanasema imigongo ya rangi ni uongo, na kwamba inawanyima kipato akina mama wanaotengeneza imigongo halisi. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa mpango. Katika insha hii nitajadili hoja zao kwa msaada wa historia, kisha nitaeleza mpango wenyewe.

Kwanza, tujue tunachotaka kuiga. Imigongo ni sanaa ya Gisaka, ufalme wa zamani uliokuwa mashariki ya Rwanda, jirani na Tanzania ya leo. Masimulizi ya mdomo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kupamba kuta za ndani ya nyumba kwa namna hii. Katika karne ya 19 Gisaka ilimezwa na ufalme wa Rwanda, lakini sanaa yake ilibaki mikononi mwa wanawake. Jina lenyewe halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili: imigongo ni migongo. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, kisha hupangwa kwa vidole kuwa matuta yaliyoinuka. Yakikauka hulainishwa na kupakwa rangi. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe, nyekundu na udongo mwekundu, na nyeusi na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri na matunda ya mti uitwao umutobotobo.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 nusura yaizime sanaa hii. Iliyoihuisha ni mikono ya wanawake wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, ambako upo ushirika unaobeba jina la Kakira. Ila sasa kazi nyingi hufanywa juu ya mbao ili mnunuzi aweze kuzibeba. Kwa hiyo imigongo yenyewe imekwisha kuhama ukutani. Anayesema kwamba mila haibadiliki hana budi kuanza na badiliko hilo.

Pili, kuiga kitu ukutani si jambo geni katika historia. Mfano ninaoufahamu kutoka darasani ni Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Mwaka 1882 mtaalamu August Mau aligawa michoro ya kuta zake katika mitindo minne. Katika mtindo wa kwanza, wa karne ya 2 KK, mafundi walitumia lipu kujenga vipande vilivyoinuka, wakavipaka rangi vifanane na marumaru. Katika mtindo wa pili, ulioanza yapata mwaka 80 KK, waliacha kuinua lipu. Ukuta ukawa bapa, na nguzo zikaonekana kuchomoza kwa sababu ya mwanga na kivuli vilivyochorwa tu. Hatua hiyo ndiyo tunayokusudia kuchukua sisi: kutoka tuta la kushikika hadi tuta la kuonekana.

Mwandishi Mrumi Vitruvius, aliyeishi karne ya 1 KK, alikubali kwamba watu wa kale walianza kwa kuiga marumaru, na hakuwalaumu. Aliowalaumu ni wachoraji wa zama zake waliochora vitu visivyoweza kuwapo, kama vile mabua yanayobeba mapaa. Kutokana na hoja hiyo napata kipimo: kuiga kunapotosha pale kunapoonyesha kitu ambacho mwenye sanaa asingeweza kukitengeneza.

Kipimo hicho ndicho kimeongoza mpango wangu. Ukuta wetu una upana wa mita 4, nasi tutapamba ukanda wa urefu wa mita 1 tu. Tutapanga safu mbili za miraba iliyosimama kwa pembe, kila mmoja sentimita 50 kutoka pembe hadi pembe. Hivyo kila safu itakuwa na minane kamili, bila kipande kilichokatwa pembeni. Kila tuta litakuwa na upana wa vidole viwili, kwa maana vidole ndivyo vinavyolijenga. Rangi zitakuwa tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu ya udongo. Bluu na kijani, ambazo baadhi yetu walizipendekeza, nimeziacha.

Kazi itaanza kwa kupiga msasa na kupaka nyeupe mara mbili. Baada ya siku moja tutapima kwa pima maji, tutachora kwa penseli, na kubandika utepe wa karatasi kabla ya kila rangi. Kivuli kitakuja mwisho. Dirisha liko kushoto, hivyo ubavu wa kushoto wa kila tuta utapauka kidogo na wa kulia utapata mstari mwembamba uliokolezwa. Kivuli kikienda kinyume na dirisha, jicho litakataa hata kama mchoraji ni hodari.

Inabaki hoja ya kipato, ambayo naiona nzito kuliko ile ya uongo. Rangi yetu haitampa mama wa Nyakarambi hata faranga moja. Kwa sababu hiyo napendekeza tupunguze ukanda uliotakiwa kuzunguka kuta zote nne, na fedha itakayobaki inunue ubao mmoja halisi kutoka kwa watengenezaji. Utatundikwa katikati ya ukanda, mahali mkono unapofika, pamoja na maandishi mafupi yanayosema kipi ni cha samadi na kipi ni cha rangi.

Kwa kuhitimisha, ninawajibu wenzangu kwamba kuiga si kudanganya iwapo mwigaji anafuata mipaka ya kazi anayoiiga, anataja asili yake, na hachukui nafasi ya mwenye kazi. Masharti hayo matatu yakikosekana, afadhali ukuta ubaki mweupe.